Klorokwini, SP, Mseto

Nilipoanza kazi ya utabibu kwenye zahanati ya kijiji wilayani Muheza, mkoani Tanga, miaka ya 1990, homa ilikuwa na jina moja na dawa moja. Jina ni malaria, dawa ni klorokwini. Ilikuja kwenye makopo ya vidonge elfu moja, na kopo lilikwisha kabla ya kitu kingine chochote kwenye kasha la dawa la mwezi. Mtu mzima alimeza vinne leo, vinne kesho, viwili keshokutwa. Hesabu hiyo kila mtu aliijua. Mama akifika dirishani alikuwa ameshamgawia kichwani kila mtoto aliyemwacha nyumbani: huyu robo, huyu nusu, huyu kizima. Wengine hawakufika zahanati kabisa, kwa sababu klorokwini iliuzwa dukani pamoja na chumvi na kiberiti, na hakuna aliyeona ajabu.

Iliwasha. Asiyewahi kuimeza hawezi kuujua mwasho ule, unaoanzia viganjani na kwenye nyayo, ukapanda mwili mzima bila upele wowote wa kuonekana. Watu walikesha wakijikuna. Ndiyo maana ikifika siku ya tatu, homa ikiwa imeshuka, vile viwili vya mwisho havikumezwa. Vilifungwa kwenye pindo la kanga, vikingoja homa ya mtu mwingine. Sikuwahi kumlaumu mama aliyefanya hivyo, na hata leo simlaumu. Zahanati iko mbali, dawa haipo kila mwezi, na mgonjwa ameshaamka anaomba uji. Kwa mtu anayetunza nyumba, kuweka akiba ni busara.

Lakini klorokwini ilikuwa na kazi mbili mwilini, na hapo ndipo ilipotuponza. Iliua vimelea vya malaria, na yenyewe pia ilishusha homa. Nguvu ya kuua vimelea ilipoanza kupungua, ile ya kushusha homa haikupungua. Mtoto aliletwa akiungua, akapewa dawa, kesho yake amepoa, na daftarini akaandikwa amepona. Baada ya wiki mbili tatu alirudishwa. Safari hii hakuwa na joto kali. Alikuwa mnyonge, anahema juujuu, na ukimfungua kiganja hukuti damu. Vimelea havikuwa vimeisha hata siku moja. Viliendelea kuharibu chembe nyekundu huku homa ikiwa imefunikwa. Sisi wa zahanati usugu wa malaria hatukuuona kwenye kipimajoto. Tuliuona kwenye viganja vya watoto, na kwenye kundi la ndugu waliokaa chini ya mti hospitali ya wilaya wakibishana nani ana damu ya kumtolea mtoto.

Vimelea vilivyoishinda klorokwini vilikuwa vimeripotiwa Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Malawi iliiacha dawa hiyo mwaka 1993, ya kwanza barani. Kenya ilifuata 1998. Tanzania Bara tulibadili 2001. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Zilikuwapo sababu za kusita, nami nazikiri: klorokwini ilikuwa rahisi mno kwa bei, ilijulikana hadi vitongojini, na iliyongoja zamu nyuma yake haikutarajiwa kudumu. Hata hivyo watafiti waliofuatilia vijiji vya Senegal, ambako vifo viliandikwa mwaka hadi mwaka, walionyesha mwaka 1998 kwamba usugu ulipoingia, vifo vya watoto kwa malaria viliongezeka mara mbili, na sehemu moja zaidi ya mara tano. Nilipoisoma taarifa hiyo miaka mingi baadaye niliwakumbuka wale ndugu chini ya mti, na uchungu wake haujaniisha.

Dawa iliyochukua nafasi mwaka 2001 ilikuwa SP, yaani salfadoksini na pirimethamini ndani ya kidonge kimoja. Vidonge vitatu mara moja, basi. Ukimsimamia mgonjwa akameza mbele yako, hakuna cha kufunga kwenye kanga. Kwa kazi yetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini SP haishushi homa. Mtu alimeza asubuhi, jioni bado anatetemeka, na usiku kucha jirani anamwambia amepewa dawa dhaifu. Halafu kukaja hofu ya ngozi. Dawa za jamii ya salfa, kwa watu wachache sana, huleta mzio mkali unaobabua ngozi na midomo. Magazeti yakaandika, na kijijini habari ikafika ikiwa imekua njiani. Nakumbuka baba mmoja aliyesimama mlangoni na wanawe, akakataa hata kukaa.

"Daktari, mimi nataka ile ya zamani."

"Ile ya zamani haiui tena, baba."

"Lakini haichuni ngozi."

Nilikaa naye muda mrefu, foleni ikiwa imejaa. Dawa ya kwanza haiwi ya kwanza kwa sababu mwongozo wa matibabu wa taifa umesema hivyo. Waraka unatoka wizarani kwa siku moja. Kuaminiwa kunakwenda kwa mguu, nyumba kwa nyumba, na mara nyingi kunafika dawa yenyewe ikiwa imeanza kuchoka.

Na SP ilichoka upesi, hasa kwetu. Muheza ni wilaya iliyochunguzwa sana na watu wa malaria, na matokeo yake hayakuwa ya kufurahisha. Utafiti uliofanyika wilayani na kuchapishwa mwaka 2005 uliwagawa watoto wa chini ya miaka mitano katika makundi manne ya dawa. Ndani ya siku kumi na nne, amodiakwini, dawa nyingine ya malaria, ikitolewa peke yake ilikuwa imeshindwa kwa watoto 42 katika kila 100. Ukiichanganya na SP, 20. Ukiichanganya na artesuneti, 11. Kundi la nne walipewa artemetha na lumefantrini, na huko alishindwa mmoja katika kila 100. Wazazi wa watoto wale niliwafahamu kwa sura, maana wilaya si kubwa. Uamuzi wa nchi nzima wa kubadili dawa tena ulisimama juu ya mishipa ya watoto wa shambani waliochomwa vidole siku baada ya siku, na sijaona mahali wameshukuriwa ipasavyo.

Zanzibar walishatangulia kwenye dawa za mseto mwaka 2003. Bara, mseto wa artemetha na lumefantrini, tunaouita ALu, ulianza kutumika rasmi mwishoni mwa 2006 na kuingia 2007. Artemisinini, mama wa artemetha na artesuneti, ilitoka kwenye mmea uliotajwa katika maandishi ya tiba ya China zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita. Tu Youyou na wenzake waliitenga mwanzoni mwa miaka ya 1970, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nguvu yake ni kasi. Ndani ya saa chache inafyeka sehemu kubwa ya vimelea, lakini ndani ya saa chache hizohizo imeshatoka mwilini. Lumefantrini huenda polepole na kukaa siku kadhaa, ikimalizia vilivyobaki. Kila moja inamlinda mwenzake: kimelea kitakachoponyoka kwa huyu kinakutana na yule. Ukimpa mtu artemisinini peke yake, au akaacha katikati, umevunja ulinzi huo.

Kuacha katikati ndilo lililonitia wasiwasi, kwa kuwa tulikuwa tumetoka kwenye dozi moja ya SP kuja kwenye dozi sita. Vidonge vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu. Ishirini na vinne kwa mtu mzima. Dozi ya pili lazima ifuate baada ya saa nane. Mgonjwa akifika saa nne asubuhi mambo ni mepesi: meza sasa, meza tena saa kumi na mbili jioni, kuanzia kesho asubuhi na jioni. Akifika saa kumi jioni, unamwambia mtu asiye na saa wala umeme aamke saa sita usiku amwamshe mtoto mwenye homa ameze kidonge kichungu. Tulifundishana njia. Mama mmoja alisema ataamka jogoo wa kwanza atakapowika. Nikamwambia jogoo amechelewa, akasema basi atalala baada ya kumpa. Akafanya hivyo, akarudi na karatasi tupu ya vidonge kunionyesha.

Jambo jingine lilikuwa chakula. Lumefantrini haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta. Wenzetu wa mijini waliambiwa maziwa. Sisi watu wa Tanga tulisema maharage ya nazi, na hapo hapakuhitajika mahubiri.

Kwa malaria kali hadithi ilikuwa nyingine. Miaka mingi tulikuwa na kwinini tu, na kabla hujamfikia mtoto ilibidi kwanza uvuke degedege. Bibi mmoja alimleta mjukuu aliyekwisha kukakamaa mara kadhaa njiani. Nilipochukua bomba akamshika mtoto kifuani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu si wa sindano. Degedege likichomwa sindano mtoto haamki."

Imani hiyo haikuanguka kutoka hewani. Watoto wengi waliofikishwa wakiwa wamechelewa, wakachomwa, walikufa kweli. Aliyeona kwa macho sindano ikitangulia na kifo kikifuata alikuwa na ushahidi wake. Nilimwambia, "Bibi, tuishushe kwanza homa, tumpe sukari, wewe umshike. Kisha utaniruhusu." Akaniruhusu. Kwinini yenyewe huvuta sukari ya damu chini, kwa hiyo ilibidi iende na maji ya glukosi kwa dripu ya taratibu, saa nyingi, huku mtu akiitazama isikimbie. Usiku, muuguzi mmoja, wodi imejaa: nani anaitazama?

Artesuneti ya sindano ikaja kuyabadilisha hayo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 liliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, na Muheza na Korogwe zilikuwamo. Waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100. Waliopewa artesuneti, kati ya 8 na 9. Kwa macho ya haraka tofauti ni ndogo. Kwa aliyewahi kufunika shuka uso wa mtoto, wawili zaidi wanaokwenda nyumbani katika kila mia ni jambo la kubadili kazi yote, na kwinini ikaondoka kwenye nafasi ya kwanza iliyokuwa imeishika kwa vizazi.

Halafu vikaja vipimo vya haraka, vile vya tone la damu na mistari. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila mwenye homa apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, mtoto kwa mkubwa. Hapo ndipo tulipojua ni kiasi gani tulikuwa tukitibu homa zisizo malaria. Tayari utafiti wa mwaka 2004 katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulikuwa umeonyesha kwamba wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali, chini ya nusu yao ndio waliokuwa na vimelea. Na wasiokuwa navyo walikufa zaidi, na wengi wao hawakupewa dawa yoyote ya bakteria. Malaria yenyewe imezidi kupungua: mwaka 2007 na 2008 watoto 18 katika kila 100 nchini walikutwa na vimelea, mwaka 2022 walikuwa 8.

Ningependa kusema kipimo kilimaliza tatizo. Kililihamisha. Mstari wa pili usipotokea, mama anakutazama: "Sasa kama si malaria ni nini?" Na tabibu, ambaye hana maabara nyingine, anataka kutoa kitu. Ndipo kila homa isiyo malaria ikawa UTI au taifodi, na kila UTI na taifodi ikaondoka na siprofloksasini, au azithromaisini, au sindano ya seftriaksoni. Watafiti waliochunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, na kuchapisha mwaka 2014, walikuta malaria kwa mmoja katika kumi. Saba katika kumi walikuwa na virusi. Virusi haviguswi na antibayotiki yoyote, iwe ya bei gani.

Nikiwa msimamizi wa matabibu vijana niliwafundisha kwanza kuhesabu pumzi. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja mwenye kikohozi, pumzi 50 au zaidi kwa dakika nzima ni nimonia. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, nguo imepandishwa. Akiwa na nimonia bila dalili za hatari, apewe amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji. Si septrini tuliyoitumia zamani, wala si sindano ya gharama. Akiwa hana, apate maji, maziwa ya mama, na siku ya kurudi. Wapo walioona aibu kumwambia mzazi hivyo. Mzazi ametembea saa mbili, ametoa nauli ya kurudi, halafu arudi mikono mitupu? Nilikaa nao wakati wa kusema, kwa maana maneno hayo ni tiba na yanahitaji mazoezi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliziweka antibayotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za kuangaliwa kwa uangalifu, na za akiba. Amoksilini iko kundi la kwanza. Zile tatu nilizozitaja hapo juu ziko la pili. Nchi za dunia zimekubaliana mwaka 2024 kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu zitoke kundi la kwanza. Nenda duka la dawa lililo karibu na kwako uone zipi zimepangwa mbele.

Kwenye chumba kilekile cha zahanati niliona hatima mbili za dawa. Kaswende ilitibiwa kwa penisilini kwa mara ya kwanza mwaka 1943, na hadi leo penisilini ya sindano inaitibu. Kidudu chake hakijawahi kuizoea. Kisonono kimeishinda penisilini, kikaishinda tetrasaiklini, kikaishinda siprofloksasini, na sasa tumekiachia seftriaksoni. Mgonjwa anaweza kuwa mmoja, mwenye magonjwa yote mawili. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema usugu ni suala la wagonjwa kutomaliza dozi tu. Vimelea vina tabia zao, dawa zina muundo wao, na sisi tuna kiasi tunachozimwaga. La kwanza na la pili hayako mikononi mwetu.

La tatu liko, na ushahidi nilioupenda kuliko wote unatoka Malawi. Baada ya kuiacha klorokwini mwaka 1993, na watu wakaiacha kweli, vimelea sugu vilipungua kwa sababu havikuwa tena na faida mbele ya vingine. Watoto waliojaribiwa Blantyre, matokeo yakachapishwa 2006, walipona karibu wote kwa klorokwini ileile iliyokuwa haina kazi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kumbe na anayeacha kulichuma huwaponya asiowajua.

Sasa zamu imefika kwa mseto. Mwaka 2020 Rwanda iliripoti vimelea vyenye mabadiliko ya kinasaba yanayovifanya vichelewe kuuawa na artemisinini. Uganda ikafuata, na kwetu yameonekana Kagera, hasa Karagwe na Kyerwa, mpakani. ALu bado inaponya. Kinachobadilika ni kasi: vimelea vilivyozoea kutoweka ndani ya siku mbili vinaonekana siku ya tatu. Ikizidi kuwa hivyo kwa zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila kumi, ni alama kwamba kazi yote inaelemea lumefantrini, na tunajua mwisho wa dawa inayoachwa peke yake. Ipo mipango ya kupokezana miseto tofauti, na dawa mpya isiyo ya ukoo wa artemisinini, ganaplasidi pamoja na lumefantrini, imejaribiwa katika nchi za Afrika. Safari hii hatutakuwa na udhuru wa kungoja zaidi ya miaka ishirini.

Nimestaafu, lakini kijana niliyemfundisha hunipigia simu kutoka kituo chake cha afya huko huko Kagera. Majuzi alikuwa na mtoto aliyemeza dozi zote mbele yake, ya kwanza hadi ya sita, na slaidi ya siku ya tatu bado ina vimelea.

"Mama, shikamoo. Homa imeshuka na anacheza. Nimwandike amepona?"

Nikamwambia usiandike amepona. Andika uzito, saa ya kila dozi, alikula nini nayo, na hesabu ya vimelea siku ya kwanza na ya tatu. Itunze slaidi, chukua tone la damu kwenye karatasi ya kuchuja, umpigie mratibu wa malaria wa wilaya leo, si mwisho wa mwezi. Mwite mtoto siku ya saba, ya kumi na nne, na ya ishirini na nane, na kila akija umwangalie viganja. Akaniuliza kama mama yake atakubali kuja mara zote hizo. Nikamwambia amweleze sababu, yote, kama alivyo mtu mzima mwenye akili zake, na amtafutie nauli.